Mama, Uko na Sukari?

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti na usiwe na haraka, kwa maana jambo hili nimelikalia miaka mingi na sitaki kulimwaga lote mara moja. Nilikuwa dresa. Vijana wa leo hawalijui neno hilo, kwa hiyo nianze nalo: dresa alikuwa mtu wa hospitali aliyeosha vidonda, akaviwekea dawa na kuvifunga. Hakuwa daktari wala nesi, lakini mtaani watu walimwita daktari, na jina hilo tamu liliniharibu kuliko nilivyojua. Mwezi uliopita sisi wazee tuliofanya kazi pamoja katika hospitali moja ya Nakuru miaka ya hamsini tulikutana kwa chakula cha mchana, pale juu Milimani, kwa mwenzetu mmoja ambaye watoto wake wamefanikiwa. Tulikuwa saba tu tuliobaki. Baada ya kula, Kiprono, aliyekuwa karani wetu wa kuandika kadi za wagonjwa, akagonga meza kwa kijiko, akanielekezea kidole, akasema, "Hamjasahau ya Harun na sukari?" Basi meza nzima ikaanza kucheka hata kabla hajaianza. Kiprono huiga sauti yangu ya ujana vizuri sana. "Mama, uko na sukari?" Kisha huiga sauti ya mama wa watu, ya upole, iliyoshangaa kidogo: "Sukari? Hapana, mwanangu, kwangu hakuna." Wazee walicheka mpaka mmoja akavua miwani ajifute machozi. Nami nilicheka. Ndiyo aibu yenyewe hiyo, kwamba hata siku ile, na nywele zangu hizi nyeupe, nilicheka nao, nikanywa chai yangu, nikarudi nyumbani.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilifika Nakuru wakati wa kiangazi, maji ya ziwa yamerudi nyuma, na mchana upepo ukivuma ulipandisha vumbi jeupe la magadi likafunika mji wote, meza, vikombe, hata kope za watu. Hospitali ilinipanga katika chumba cha meno. Kilikuwa stoo ya mablanketi hapo awali, na bado kilinuka pamba ya zamani chini ya harufu ya spiriti na karafuu. Kiti kilikuwa kimoja, cha chuma, kilichopandishwa kwa kukanyaga. Daktari wa meno alikuwa Mzungu mrefu aliyekuja siku chache kwa wiki, na watu walimwita Bwana Koleo, si kwa ubaya, maana mkono wake ulikuwa mwepesi. Mkubwa wetu sisi Waafrika alikuwa Mzee Zakayo, dresa aliyerudi kutoka vitani Burma akijua vidonda kama mkulima anavyojua udongo. Kiprono alikaa mlangoni na kadi zake. Mimi nilishika bakuli, nikaosha vyombo, na baada ya miezi miwili nikaruhusiwa kuweka utambi. Utambi ni jina tulilolipa kitambaa cha shashi kilichokatwa chembamba kama utambi wa taa. Jino likishang'olewa na shimo likiwa baya, kitambaa hicho huchovywa katika dawa iliyochanganywa na mafuta ya karafuu, kikawekwa ndani ya shimo kulinda damu iliyoganda na kuzuia chakula kisiingie. Nilipenda kazi ile. Niliweka utambi kwa unadhifu, nikaukunja safu juu ya safu, nikaushindilia mpaka ukawa sawasawa na ufizi, na nilipomaliza nilitamani mtu apite aone.

Nilikaa katika nyumba za reli, zile tulizoita landi, chumba kando ya chumba, bati juu, jikoni nje. Nilipangiwa kona ya chumba cha nje kwa Baba Rispa, fundi wa karakana ya reli, na mkewe Mama Rispa, watu wa magharibi kama mimi. Walikuwa na binti mmoja wa miaka kumi, Rispa mwenyewe. Nikikueleza juu ya nyumba ile nitakueleza juu ya chakula, kwa sababu Mama Rispa alinilisha mwaka ule bila kunifanya nijione mzigo. Jioni nikirudi nilikuta ugali umefunikwa kwa sufuria, mboga za majani zilizochemshwa kwa maziwa, na siku ya mshahara samaki wa kukaushwa. Kitu kimoja tu kilinisumbua: chai yake haikuwa na sukari. Ilikuwa na maziwa mazuri na tangawizi, lakini sukari hata chembe. Nilidhani ni ubahili. Nikaanza kuja na sukari yangu katika karatasi, nikajitilia nikiwa nimewapa mgongo. Baba Rispa aliniona siku moja akacheka: "Tia, kijana, tia! Hapa sisi tulishahama nchi ya sukari." Mama Rispa akasema tu, "Mwache mtoto anywe." Huyo mama alikuwa akinywa maji sana, na mzee wake alimtania kwa maneno ya kazini kwake: "Mke wangu ni injini. Haipiti stesheni bila kujaza tangi." Naye alijibu bila kugeuka, "Na wewe ni behewa. Bila injini ungekuwa umesimama Molo mpaka leo." Tulicheka. Nilikuwa mtu wa hospitali, nimekaa katika nyumba ambamo mama hanywi sukari, anakunywa maji kutwa, anaenda chooni kila mara, amekonda mabega ilhali anakula vizuri, na vidonda vidogo vya miguu yake havifungi upesi. Vyote nilivisikia vikisemwa juu ya sinia la ugali. Leo mwanafunzi yeyote niliyemfundisha angekwambia jina la ugonjwa huo kabla hajanawa mikono.

Sasa nikueleze lile swali. Bwana Koleo alikuwa ameagiza kwamba kabla ya mtu kung'olewa jino aulizwe kama ana ugonjwa wa kisukari, kwa sababu damu yenye sukari nyingi hufanya kidonda kichelewe kupona na vijidudu vistawi. Lakini aliliagiza kwa Kiswahili chake cha shambani: "Wewe uliza kila mutu, iko sukari? Hapana sahau." Mzee Zakayo alilijua jambo lenyewe, akauliza kwa kuzunguka: unaamka mara ngapi kwenda haja, unasikia kiu namna gani, uliwahi kupimwa mkojo? Mimi niliona hayo ni maneno mengi. Niliuliza kama nilivyoagizwa: "Uko na sukari?" Wakati huo, ujue, neno hilo halikuwa na maana ya pili kwa watu wengi. Siku hizi ukisema fulani ana sukari, hata mtoto anaelewa. Siku zile mzee mmoja kutoka Njoro alinijibu, "Iko kidogo, lakini ni ya wageni." Mwingine akauliza kama hospitali inanunua. Kiprono alikuwa akiinamia kadi zake huku mabega yakitikisika. Tukalifanya swali hilo mchezo. Nilianza kuliuliza kwa sauti ya muuza duka, na waliokaa kwenye benchi wakingoja zamu walicheka wakasahau maumivu. Nilijiambia kwamba ninawasaidia. Sikuwahi kumrekebisha mtu hata mmoja aliyejibu kuhusu sukari ya kikombe. Kiprono aliandika "Hana" kadi baada ya kadi.

Mvua za masika zilipoanza, jino la nyuma la Mama Rispa lilimshika. Nilimleta mwenyewe Ijumaa asubuhi, nikiwa na fahari kwamba mtu wangu hatapanga laini. Alikaa kwenye kile kiti cha chuma, akakunja leso yake magotini, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mwanawe siku ya kwanza kanisani akisoma mbele ya watu. Benchi lilikuwa limejaa. Kiprono akanikonyeza. Nikauliza kwa ile sauti yangu ya duka: "Mama, uko na sukari?"

"Sukari?" akasema. "Hapana, mwanangu, kwangu hakuna. Si unajua. Niliambiwa nisiweke hata..."

Kicheko cha benchi kilimaliza sentensi yake. Kiprono alikuwa amekwisha kuandika. Nilisikia lile "niliambiwa," naapa nililisikia, lakini lilinipita kama sauti ya gari-moshi kwa mtu anayekaa karibu na reli. Bwana Koleo akamchoma sindano ya ganzi, akang'oa jino, likavunjika mzizi, akachimba kidogo, damu ikawa nyingi. Akanionyesha shimo: "Weka dawa. Jumatatu toa, osha, ona." Nikaweka utambi mrefu kuliko kawaida, maana shimo lilikuwa kubwa na aliyekaa pale alikuwa mama yangu wa mjini. Nikaushindilia. Hakulalamika. Mate ya kwanza yalipotoka safi bila damu nilifurahi kama fundi aliyeziba bomba.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa viatu na kujifunga leso safi, tayari kwenda kliniki. Hapa ndipo pa kunihukumu, kwa hiyo nisikilize vizuri. Nilimwambia, "Mama, usisumbuke kupanga laini. Si mimi niko hapa?" Majirani wawili walikuwa wakifua nje. Nilimkalisha kwenye kigoda kwenye mwanga wa jua, nikamfungua mdomo, nikakandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, nikachungulia. Nilikuwa na kichupa cha mafuta ya karafuu nilichotoa hospitalini bila ruhusa. Juu, utambi ulionekana safi. Nilipougusa kwa kibanio alishtuka, machozi yakamtoka. Majirani walikuwa wameacha kufua. Nikaogopa kwamba nikiuvuta utatoa damu, na mimi sina Bwana Koleo nyuma yangu. Basi nikafanya kile ambacho mwoga hufanya akitaka kuonekana hodari: nikadondosha matone ya karafuu juu yake, nikafunga kichupa.

"Si mlisema kinatolewa leo?" akaniuliza.

"Iko sawa, Mama. Iache. Inakulinda."

Jirani mmoja akasema, "Mama Rispa, una bahati, daktari analala kwako." Naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akavua viatu vya kliniki, akavirudisha chini ya kitanda.

Ngoja nikueleze kilichokuwa kikitendeka chini ya kitambaa kile, kama nilivyowaeleza wanafunzi wangu kwa miaka mingi bila kuwaambia nilikijuaje. Kidonda cha mdomoni hupona kutoka chini kwenda juu. Damu huganda, kisha nyama changa nyekundu hukua ndani ya damu ile, kisha ngozi ya ufizi hutambaa kutoka pembeni kufunika. Kitambaa kizuri ni mgeni wa siku mbili tatu: hulinda, kisha huondoka. Kikishindiliwa sana huchukua nafasi ya ile damu na kukandamiza nyama changa. Kikikaa sana hunywa mate na mabaki ya chakula, kikawa nyumba ya vijidudu na kifuniko cha usaha. Mtu mwenye afya anaweza kuvumilia uzembe huo, atapona kwa kuchelewa. Mwenye kisukari hana akiba hiyo. Damu yake hufika kidondani kwa uvivu, askari wa mwili wake wamechoka, na sukari iliyomo mwilini hulisha vijidudu. Na karafuu, rafiki yangu, ikidondoshwa kila siku juu ya nyama iliyo wazi, huichoma polepole huku ikitia ganzi. Tena hunukia. Ndiyo iliyonidanganya kuliko vyote. Nyumba nzima ilinukia kama pilau, na chini ya manukato hayo taya la mama wa watu lilikuwa linaoza.

Siku kumi niliendelea hivyo. Aliacha ugali, akanywa uji wa vuguvugu kwa upande mmoja. Akaniambia, akiwa ameshika shavu, "Harun, inanitafuna huku ndani." Nikamjibu, nikiwa nafunga kamba za viatu nikaangalie mpira, "Ndiyo kupona huko, Mama." Maneno hayo ningetoa kitu kikubwa niyarudishe kinywani. Kesho yake mchana Rispa alikuja mbio mpaka kwenye dirisha la chumba cha meno, akasema mama hataki kuamka. Baba Rispa alikuwa amepelekwa kazini Kisumu. Nilimkuta amelala kichwa upande, shavu limevimba likafunga jicho, anapumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima, na pumzi yake, chini ya ile karafuu, ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Tulimsukuma kwa mkokoteni wa muuza maji, Rispa akikimbia pembeni akimshikia leso isianguke.

Mzee Zakayo ndiye aliyemfungua mdomo. Akachukua kibanio, akashika ncha ya utambi, akavuta. Ukatoka, ukaendelea kutoka, mweusi, na harufu iliyofuata ilimfanya Bwana Koleo arudi nyuma hatua moja. Ndani ya shimo hapakuwa na nyama nyekundu. Palikuwa na mfupa mtupu, wa kijivu, kama kigae. Zakayo aliutia utambi katika bakuli. Aliagiza mkojo, akauchemsha na ile dawa ya bluu katika kichupa cha kioo juu ya taa ya spiriti, sote tukitazama. Bluu ikawa kijani, kijani kikawa manjano, manjano yakawa rangi ya matofali, alama ya sukari nyingi.

"Leta kadi," akasema. Kiprono akaleta. Zakayo akasoma, akaniangalia. "Hapa imeandikwa hana. Nani aliuliza?"

"Mimi."

"Akasema nini?"

Wewe msikilizaji, nilikuwa na nafasi pale. Ningesema: aliniambia, mzee, lakini tulikuwa tunacheka. Nikasema, "Alisema hana, mzee. Muulize mwenyewe."

"Na utambi huu wa karibu wiki mbili? Si aliambiwa Jumatatu?"

"Hakurudi kliniki."

Kila neno lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo. Mama Rispa alikuwa amefungua lile jicho moja lililobaki wazi. Zakayo akamwinamia: "Mama, ulimwambia kijana huyu kwamba huna sukari?" Mama Rispa akanitazama, si kwa hasira, kwa namna ya kuhesabu nitakavyoumia. Kisha akasema kwa taabu, "Ni kweli. Nilisema sina." Zakayo akauliza tena. "Na kliniki hukurudi?" Akafumba jicho. "Sikurudi." Bwana Koleo akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chake kwamba hawa mama hapana sikia maneno. Kiprono akaandika, nami nikiwa nimesimama nyuma yake nikiangalia kalamu: Mgonjwa hakurudi siku aliyopangiwa.

Alikaa wodini mpaka baridi ya Julai ilipoingia. Sindano za insulini zilimrudishia macho yake na sauti yake, lakini kipande cha mfupa wa taya kilitolewa. Zakayo aliniamuru nimhudumie pamoja naye kila asubuhi, na sijui mpaka leo kama ilikuwa adhabu au fadhila. "Tazama," aliniambia. "Wewe unashindilia kama unayesimamisha nguzo ya simu. Kidonda cha mdomo si shimo la nguzo." Tuliosha kwanza kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, taratibu, mpaka yakatoka safi. Kisha kipande kifupi cha utambi, kilichotiwa dawa kidogo isiyo na karafuu, kikilala kwa ulegevu, mkia wake ukining'inia nje ili mtu yeyote ajue kuna kitu ndani. Kila siku kilitolewa, kila siku tuliangalia chini yake kabla ya kuweka kingine. Hatukuongeza dawa juu ya kitambaa cha jana hata mara moja. Juma la kwanza hakuna kilichobadilika, na Zakayo akasema tungoje, kwanza mkojo urudi bluu. Ulipokaribia bluu, asubuhi moja nikaona pembeni ya ule mfupa uvimbe mdogo mwekundu, wenye chembechembe, kama ndani ya pera. "Hiyo ndiyo nyama," akasema Zakayo. "Sasa punguza kitambaa. Kesho kutwa tuache kabisa." Nilisimama pale na bakuli mkononi, nikaona jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuona katika kazi ile, na sikuthubutu kufurahi.

Siku hiyo Zakayo alipotoka, Mama Rispa aliniita kwa kidole. "Kumbe ulikuwa unauliza ile ya damu?" akasema. "Daktari wa misheni kule nyumbani alinitajia jina la ugonjwa, likanipotea. Alisema tu nisiweke sukari ndani ya nyumba. Na mimi sijaweka, Harun. Nilikujibu vizuri." Nikasema, "Ulijibu vizuri, Mama." Akaridhika. Kisha akaniuliza nani ananipikia. Nilimwambia ninajipikia, na hapo nikatoka nje nikanawa uso kwa maji ya bomba, kwa sababu watu walikuwa wanapita.

Aliporudi nyumbani mdomo wake ulikuwa umepinda upande wa kushoto. Aliendelea kutaniana na mzee wake, lakini kila alipotaka kucheka aliinua leso akafunika mdomo. Sikuweza kukaa nikiiangalia leso ile ikipanda na kushuka. Nikatafuta sababu ya kazi, nikahama. Mwisho wa mwaka Bwana Koleo aliniandikia barua nzuri ya kunisifu, nikapelekwa Nairobi kusoma zaidi, kisha nikawa mwalimu wa wauguzi. Mama Rispa alikufa miaka mingi baadaye, kwa mambo mengine. Nilituma salamu za rambirambi. Sikwenda.

Baada ya kile chakula cha Milimani sikulala vizuri kwa siku kadhaa, nikamtafuta Rispa. Anaishi Nakuru bado, mama mzima mwenye wajukuu, karibu na zile zile nyumba za reli. Alinipokea kwa furaha, "Harun wetu!" akaniletea chai. Nilionja: tangawizi, maziwa, bila sukari. Kabla sijasema lolote, mjukuu wake mmoja alikataa kunywa dawa ya kikohozi kule jikoni, na mama yake akamfokea, "Kataa tu! Utapata mdomo wa nyanya mkuu!" Nikamuuliza Rispa maana yake. Akacheka. "Ah, ni msemo wetu wa hapa. Si unajua mama alivyokuwa kichwa ngumu, akaambiwa arudi kliniki akakataa mpaka taya likaoza? Asiyesikia tunamwambia hivyo."

Kwa hiyo vizazi vitatu vimekua vikimjua hivyo. Si kwa ugali wake, si kwa kujibu kwake maneno ya mzee wake, bali kwa ukaidi ambao hakuwa nao, ulioandikwa na Kiprono kwa maneno yangu. Niliweka kikombe chini nikamweleza Rispa yote, kuanzia sauti ya muuza duka mpaka viatu vilivyorudishwa chini ya kitanda. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliangalia mikono yake.

"Viatu navikumbuka," akasema mwishoni. "Vile vya kahawia. Alikuwa amevipaka mafuta." Kisha: "Ile kadi, nani aliandika?"

"Karani. Mimi nilisema."

"Basi sasa andika wewe. Kwa mkono wako. Na hao wazee wenzako wanaocheka, uwasomee." Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Alinijazia kikombe.

Nimeandika. Jumapili hii Kiprono na wengine wanakuja kwangu, nami nitawasomea mpaka mwisho, pamoja na ile sentensi ambayo benchi halikuiacha imalizike. Mama Rispa alijibu swali. Mama Rispa alivaa viatu aende kliniki. Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, usiogope daktari wala jino, maana vidonda hivi hupona, hata kwa mwenye kisukari, vikitunzwa mapema. Fanya hivi tu: kabla hujang'olewa jino, sema waziwazi, "Nina ugonjwa wa kisukari," au, "Sijui kama ninao, nipimeni." Ukiwekewa kitambaa mdomoni, uliza kinatolewa siku gani, na siku hiyo uende. Na mtu yeyote akikuambia kiko sawa bila kukitoa na kutazama chini yake, mwambie akitoe, atazame.